Saiba yangu ya Luanda bado iko Windows 10: ninunue mashine nyingine, nihamie Linux, au nikae hivi hivi?

Mama Saiba, Luanda

Hamjambo wenzangu. Naomba ushauri wa watu wanaoshinda kwenye saiba kama mimi, au mafundi wanaozihudumia.

Saiba yangu, yaani duka la intaneti na kuchapa, iko Luanda, Vihiga, magharibi mwa Kenya, karibu na stendi ya matatu za Kisumu na Busia. Nina mashine sita. Nne ni HP ProDesk 600 G1 za mtumba, RAM ya GB 4, diski zile za kuzunguka za GB 500, prosesa imeandikwa i5-4570. Ya tano ni HP EliteDesk niliyoinunua baadaye, iko mezani pangu na ndiyo yenye kasi. Ya sita ni laptopu, EliteBook 840 G3, ambayo hunisaidia stima ikipotea. Zote zina Windows 10. Prinita ni Epson L3250 ya rangi, na Kyocera ya kutoa kopi.

Kazi zangu mnazijua. Huyu anataka cheti cha tabia njema, yule cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mwingine anasajiliwa SHA, bima ya afya, mwalimu anataka kufaili ritani ya kodi ya KRA kabla ya tarehe 30 Juni, wanafunzi wa Maseno wanaleta miradi yao ichapwe na kufungwa. Kuanzia Jumatano jioni hadi Ijumaa ni ratiba za mazishi, na hizo ndizo zinazonilipia kodi ya nyumba. Nazitengeneza kwenye Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa: picha ya marehemu mbele, wasifu, nyimbo, shukrani za familia nyuma. Watu wakifika saa mbili usiku na picha kwenye simu, na kesho asubuhi mwili unatoka mochari, silali mpaka nakala zao zitoke.

Sasa, tangu Oktoba 2025 mashine zinaniambia Windows 10 haitapata tena masasisho. Muuzaji mmoja Kisumu ameniambia zote sita ni za kutupa, na ataniuzia nyingine kwa shilingi 25,000 kila moja. Hizo ni 150,000. Mpwa wangu anasema niweke Linux zote, ule mfumo wa bure badala ya Windows. Fundi wa hapa stendi anasema niache, hakuna kitakachotokea.

Kinachonisumbua zaidi ni wateja, hata kuliko pesa. Mzee anatoka Emuhaya na kitambulisho mkononi, ananipa simu nimsomee namba iliyotumwa, nenosiri la eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, liko kwenye karatasi ndani ya kofia. Ananiamini kuliko anavyoiamini benki. Nikimfungulia akaunti yake kwenye mashine isiyolindwa, nimemfanyia nini?

Nisaidieni. Nianze na ipi, na pesa kidogo niliyo nayo niiweke wapi?

Section 58, Nakuru

Mama, usitoe 150,000. Huyo anakuuzia hofu.

Hizo i5-4570 zinapokea Windows 11 ukitumia Rufus, programu ya kutengeneza fleshi ya kusakinisha Windows. Unapakua faili la Windows 11 kwenye tovuti ya Microsoft, unaliweka kwenye fleshi ya GB 8 au zaidi kwa Rufus, na kabla haijaanza kuandika inakuuliza kama unataka kuondoa masharti ya TPM (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wakati mashine inawaka). Weka alama hapo, endelea. Mimi nina duka la kuchapa fulana na kadi hapa Nakuru, na mashine yangu ya kizazi cha nne imekaa na Windows 11 bila kunisumbua. Inapata viraka vya kila mwezi, yale masasisho ya kuziba matundu ya usalama, kama kawaida.

Lakini usijaribu kwenye diski ya kuzunguka. Utalia. Weka SSD, diski isiyozunguka, kwanza na RAM ifike GB 8.

Mpakani, Busia

Naungana na fundi wa stendi. Windows 7 ilikatwa Januari 2020 na nikaendelea nayo hadi Chrome yenyewe ilipokataa, mwaka 2023. Hakuna mteja aliyeibiwa. Kompyuta ikiwaka, ikichapa, ikifungua eCitizen, fanya kazi. Pesa yako lipa karo ya watoto.

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Mama, salamu kutoka Kibuye. Wateja wangu wengi ni saiba za ukubwa wa yako, kuanzia Ahero hadi Yala, na swali hili nimekuwa nikiulizwa tangu mwaka jana. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu umeuliza jambo ambalo wengi hawaliulizi: usalama wa mteja.

Kwanza, hiyo EliteDesk ya mezani pako. Hujatuambia prosesa yake. Ingia Settings, halafu System, halafu About, usome jina la prosesa. Kwa namba za tarakimu nne kama zako, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi chake. i5-4570 ni kizazi cha nne. Laptopu ya 840 G3 ni kizazi cha sita. Kwa upande wa Intel, Microsoft imeweka mpaka wa Windows 11 kwenye kizazi cha nane, pamoja na TPM 2.0. Ukikuta imeandikwa kitu kama i5-8500, muuzaji wako alitaka kukuuzia mashine ambayo tayari unayo, na Windows 11 unaipata bure kupitia masasisho ya kawaida. Tafadhali angalia leo utuambie.

Pili, ndugu yetu wa Busia, nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe, na kwa saiba ni hatari kusema hivyo. Tukumbuke Mei 2017. Virusi vya WannaCry viliingia zaidi ya nchi 150 na kufunga mafaili ya watu, hospitali za Uingereza zikalazimika kurudisha wagonjwa nyumbani. Kiraka cha lile tundu Microsoft ilikuwa imekitoa Machi mwaka huohuo. Waliopata hasara ni wale ambao mashine zao hazikuwa na kiraka. Na jambo baya zaidi ni kwamba havikusubiri mtu abonyeze kitu. Viliruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye mtandao mmoja. Sasa tazama saiba: mashine sita kwenye swichi moja ya mtandao, na fleshi za watu wa kila mtaa zinaingia kutwa. Kutoona mtu aliyeibiwa hakumaanishi hakuna aliyeibiwa. Mtu akichukuliwa nenosiri leo na likatumika mwezi ujao, hatarudi Busia kukuambia ni pale kwako.

Ni kweli Chrome bado inapata masasisho kwenye Windows 10, na Microsoft imesema Defender, kinga ya virusi iliyo ndani ya Windows, itaendelea kupata orodha za virusi vipya hadi Oktoba 2028. Hiyo ni nafuu. Lakini ni kufunga mlango wa mbele huku dirisha la nyuma halina komeo. Tundu likiwa ndani ya Windows yenyewe, Chrome haiwezi kuliziba.

Tatu, na hapa ndipo nataka unisikie vizuri: usipange mashine zako kwa umri. Zipange kwa siri zinazopita ndani yake. Kuna mashine ambayo mtu anaingiza nenosiri la KRA, eCitizen, HELB (mikopo ya wanafunzi), barua pepe. Kuna mashine ambayo inaandika barua na kuchapa tu. Kuna mashine ambayo vijana wanakalia wenyewe. Hizo ni kazi tatu, na kila moja ina kiwango chake cha ulinzi.

Kazi ya siri: iwe kwenye mashine mbili tu, zilizo na mfumo unaopata viraka, basi. Hapo ndipo pesa yako ya kwanza iende. Usichomeke fleshi ya mteja kwenye hizo mbili kamwe. Mteja akija na fleshi, ifunguliwe kwenye nyingine, halafu faili litumwe.

Kazi ya ratiba za mazishi: hapa kuna habari nyingine ambayo sijui kama imekufikia. Microsoft imetangaza kwamba Publisher yenyewe inafikia mwisho Oktoba 2026. Wenye Office ya kulipia kila mwezi hawataifungua tena. Kwa hiyo hata ungenunua mashine mpya sita leo, kazi inayokulipia kodi ya nyumba lazima ihame. Anza sasa, ukiwa na nafasi. Zile ratiba zako za zamani ambazo familia hurudi kuomba, zihifadhi kama PDF, na zile unazotumia kama kiolezo zitengeneze upya kwenye Word au kwenye Draw ya LibreOffice, ile Office ya bure. Draw inafungua faili la Publisher, lakini picha na visanduku vya maandishi husogea, kwa hiyo usiitegemee usiku wa Alhamisi familia ikiwa imekaa hapo kwenye benchi.

Mashine za wateja kujihudumia: hapa mpwa wako ana akili. Linux Mint, aina moja ya Linux, inakaa vizuri kwenye i5-4570 yenye GB 4, hasa toleo lake jepesi la Xfce. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, Linux nyingine, na itapata viraka hadi 2029. Haihitaji leseni. Firefox iko ndani. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye fleshi bila kugusa Windows: washa mashine ukibonyeza F9 mara kwa mara kwenye HP, chagua fleshi, Mint itafunguka yote. Jaribu kuchapa, jaribu intaneti, jaribu sauti. Ukiona haikufai, zima, toa fleshi, Windows yako iko vilevile.

Nne, kuna njia ya kununua muda. Microsoft ina mpango wa viraka vya ziada kwa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mashine lazima iwe toleo la 22H2, na uingie kwa akaunti ya Microsoft. Kwa mtu binafsi ni bure akikubali mipangilio yake ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo, la sivyo analipa dola 30. Nakwambia ukweli wote: mpango huo ni wa kompyuta za watu binafsi. Kwa mashirika Microsoft inatoza dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, na bei inaongezeka maradufu kila mwaka. Laptopu yako mwenyewe, kama unaitumia nyumbani pia, iandikishe. Kwa zile nne za wateja, sioni maana ya kulipa dola 61 kwa mashine ya kizazi cha nne.

Kuhusu Rufus, ndugu wa Nakuru amesema kweli, inafanya kazi. Ila Microsoft haitoi ahadi kwa mashine hizo. Viraka vya mwezi vinakuja, lakini toleo jipya la mwaka mara nyingi halijileti, unarudia tena na fleshi. Kwa mtu mwenye mashine moja na subira, sawa. Kwa mama mwenye wateja wanaosubiri, mimi nisingeweka siri za watu hapo.

La mwisho. Kama kuna mashine yako ambayo Office au Windows iliwekwa kwa ile programu ya kudanganya leseni, iondoe kabisa kabla ya jambo lingine lolote. Nimekuta nyingi za hizo zikizima Defender kimyakimya ili zisinaswe. Mashine ya namna hiyo haina ulinzi hata ikiwa na kila kiraka duniani.

Mama Saiba, Luanda

Fundi, Mungu akubariki. Nimeangalia. EliteDesk imeandikwa i5-8500, ni 800 G4. Nimefungua ukurasa wa masasisho, lakini inaniambia mashine haitimizi masharti. Kwa nini, kama ni kizazi cha nane?

Na ya Publisher sikuijua kabisa. Nina ratiba za miaka nyingi humo, ukoo mzima wa watu wa Esibila na Ebusiekwe uko kwenye hiyo diski. Watu hurudi hata baada ya miaka mitatu, wanataka wasifu wa baba yao kwa ajili ya kesi ya shamba au kuweka jiwe la kaburi. Siwezi kuzipoteza.

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Mama, hiyo ni habari njema. Mara nyingi sababu ni mbili. Aidha TPM imezimwa kwenye mipangilio ya ndani, au aliyekuwekea Windows 10 aliiweka kwa mtindo wa zamani wa kuwaka, unaoitwa Legacy, na diski ikabaki kwenye mpangilio wa zamani, MBR. Windows 11 inataka mitindo mipya: kuwaka kwa UEFI, na diski iwe GPT.

Usiingie kubadilisha Legacy kuwa UEFI kwanza. Ukifanya hivyo kabla ya kugeuza diski, mashine haitawaka na utafikiri imekufa. Utaratibu ni huu: nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje, kisha mwite mtu anayejua atumie mbr2gpt, ambayo iko ndani ya Windows 10 yenyewe. Inageuza diski bila kufuta mafaili. Ikimaliza ndipo unabonyeza F10 wakati wa kuwasha, unaweka UEFI na kuwasha TPM. Baada ya hapo fungua programu ya Microsoft inayoitwa PC Health Check, itakuambia kama imekubali.

Na hizo ratiba za mazishi: nakala mbili, sehemu mbili. Moja kwenye diski ya nje inayolala nyumbani kwako, si kwenye saiba. Virusi vya kufunga mafaili vikiingia huwa vinafunga na diski ya nje iliyochomekwa. Ile iliyo kabatini nyumbani haviwezi kuigusa.

Mwalimu wa Hesabu, Webuye

Mimi naongea kama mteja, kwa kuwa nimefaili ritani kwenye saiba kwa miaka mingi.

Mama, jambo ulilouliza kuhusu mzee wa Emuhaya limenigusa. Mwaka jana niliingia saiba moja, sitaitaja, nikafungua sehemu ya vitu vilivyopakuliwa nitafute P9 yangu, fomu ya mshahara na kodi. Nikakuta vitambulisho vya watu pande zote mbili, vyeti vya KCSE, hati ya shamba, na fomu ya hospitali ya mama mmoja yenye majibu ya vipimo vyake. Zote ziko wazi kwa yeyote anayekaa kwenye kiti kile. Nikaondoka bila kufaili. Windows ya mashine ile sikuiangalia hata ni ya mwaka gani, na nadhani ungeweka mpya kabisa tatizo lingebaki lilelile.

Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hapa Kenya, na mwenye saiba anayeshika vitambulisho vya watu yumo ndani yake. Lakini hata sheria isingekuwepo, yule mama mwenye majibu ya hospitali ni jirani ya mtu.

Nakuomba ufanye mambo haya hata kabla hujapata senti ya SSD. Kila mteja afunguliwe Chrome kwa hali ya mgeni, ambapo dirisha likifungwa hakuna nenosiri linalobaki. Vitu vilivyopakuliwa vifutwe mteja akiwa bado amekaa hapo, aone kwa macho yake. Na ile karatasi ya kwenye kofia, mrudishie mkononi, usiibandike ukutani pako ili kumrahisishia mwakani. Najua mnafanya hivyo kwa wema. Nimeziona karatasi hizo ukutani.

Kijana wa Lurambi, Kakamega

Shikamoo mama. Mimi niko Lurambi, tuliweka Mint kwenye mashine za maktaba ndogo ya kanisa letu, za aina hiyohiyo yako. Nitasema tulichokutana nacho tu.

Epson za L hazina shida. Epson wenyewe wanatoa programu za Linux za kuchapa na za kuskani. Kyocera yetu ilikubali pia, lakini zinatofautiana, kwa hiyo iangalie yako ukiwa bado kwenye fleshi. Kama ungekuwa na Canon ndogo za zamani kama LBP2900 ningekuambia usithubutu.

LibreOffice inafungua miradi ya wanafunzi, ila wengi huandika kwa Times New Roman na Calibri. Kwenye Mint unaweza kupata fonti mbadala zenye upana uleule, kwa hiyo kurasa hazihami sana, lakini majedwali na namba za kurasa zinaweza kuruka. Mradi wa kurasa 60 ukiruka, mwanafunzi atalia na msimamizi wake. Tulichofanya ni kumwambia kila mtu alete PDF. PDF inatoka vilevile popote. Bandika tangazo mlangoni.

Likizo watoto wanakuja kucheza gemu, sijui kama kwako pia. Kwenye Mint tuliwawekea SuperTuxKart, ni mbio za magari, bure, wanaweza kushindana wawili kwenye skrini moja. Wadogo wanapenda GCompris, ina hesabu na herufi ndani. Vijana wakubwa waliuliza Valorant, hiyo haiendi kwenye Linux hata kidogo, na kwa hizo mashine zisizo na kadi ya picha nisingeipa muda. Wale walizoea. Foleni ya SuperTuxKart Jumamosi inafika nje.

Section 58, Nakuru

Nimesoma yote. Nakubaliana na fundi kwamba nisiweke siri za watu kwenye mashine niliyoilazimisha Windows 11. Yangu ni ya kuchora tu, sifungui hata benki humo. Mama, kwa hizo nne bado nasema SSD ni lazima, iwe Windows au Mint. Diski ya kuzunguka ya mtumba ambayo imefanya kazi ofisi ya watu Uingereza tangu 2013 au 2014 imechoka. Ya mwisho niliyonunua, ya GB 256, ilinigharimu 4,200 hapa Nakuru. Nne ni kama 17,000, ambayo haifikii hata bei ya mashine moja ya yule muuzaji.

Mpakani, Busia

Fundi, nimekusikia. Swali: hizi ritani za watu wenye biashara, ile fomu ya Excel yenye makro, yaani amri ndogo zilizo ndani yake, inafanya kazi kwenye hiyo LibreOffice? Huku mpakani nusu ya wateja wangu ni wafanyabiashara.

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Swali zuri. KRA wanatoa fomu hiyo kwa Excel na pia kwa ODS, muundo wa LibreOffice. Hata hivyo, ushauri wangu ni ule ule: kazi ya KRA ibaki kwenye mashine yako ya Windows inayopata viraka, yenye Excel halali. Fomu ile inategemea makro kuhakiki na kutoa faili la kupakia, na wiki ya mwisho ya Juni si wakati wa kujaribu kama makro itakubali. Mwalimu mwenye mshahara pekee hahitaji hiyo fomu, anajaza moja kwa moja kwenye tovuti, kwa hiyo anaweza kukaa hata kwenye Mint.

Mama Saiba, Luanda

Nimekaa na mpwa wangu na daftari tukapanga.

EliteDesk itageuzwa kuwa Windows 11, hiyo itakuwa ya KRA na eCitizen, mimi peke yangu ndiye nitakayeigusa, na haitachomekwa fleshi ya mtu. Laptopu nitaiandikisha kwenye vile viraka vya ziada, iwe ya pili hadi Oktoba, huku nikitafuta 840 G5 ya mtumba yenye prosesa ya kizazi cha nane polepole. Mbili za ProDesk zinapata SSD na Mint mwezi huu, mbili mwezi ujao. Ratiba zote nimeanza kuzigeuza kuwa PDF, nikianzia na za karibuni. Tangazo la PDF kwa wanafunzi nimeshalichapa kwa herufi kubwa. Na karatasi za ukutani, mwalimu, nimezitoa. Wenyewe watarudishiwa kila mmoja yake wakija.

Muuzaji nimemwambia asilete kitu.

Swali la mwisho kwa kijana wa Lurambi au fundi. Kwenye Chrome kuna hali ya mgeni. Kwenye Mint mteja akikaa mwenyewe, akipakua kitambulisho chake halafu akaondoka haraka kwa sababu matatu imejaa, nani atafuta? Siwezi kusimama nyuma ya viti vinne.

Kijana wa Lurambi, Kakamega

Mama, Mint inafuta yenyewe. Ingia kwenye menyu, fungua Login Window, nenda sehemu ya Users, washa Allow guest sessions. Kuanzia hapo mteja anaingia kama mgeni bila nenosiri. Akitoka, kila alichopakua, kila tovuti aliyofungua, kila picha aliyoweka mezani vinafutwa, na anayefuata anakuta mashine safi. Mkumbushe tu kuchapa au kujitumia faili kabla hajatoka, kwa sababu hakuna kurudisha. Sisi tumeandika hivyo kwenye karatasi juu ya kila monita.

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Kijana amesema sawasawa. Ongeza hili: mteja akikimbia bila kutoka, kikao chake kinabaki wazi. Mfundishe anayekusaidia kazi kwamba kiti kikiachwa, jambo la kwanza ni kubonyeza kutoka, kabla hata ya kufuta meza. Na ile EliteDesk, ukiwa tayari kugeuza diski nijulishe hapa siku moja mapema, nitakuandikia amri ya mbr2gpt mstari kwa mstari, kwanza ile ya kuhakiki, kisha ile ya kugeuza. Ya kuhakiki ikikataa, usiendelee na ya pili, utuletee ilichoandika.